Mita moja, vyumba sita

Umeme ulikatika saa nane usiku, na si shirika la umeme, TANESCO, lililoukata. Uliisha. Tulikuwa wapangaji wa vyumba sita katika nyumba moja ya Tandika, Dar es Salaam, na mita ya LUKU, ya umeme wa kulipia kabla ya kutumia, ilikuwa moja, imepachikwa ukutani juu ya mlango wa mbele. Feni ziliponyamaza, joto la Februari lilituamsha wote. Watoto wakaanza kulia, na kabla tochi ya simu ya kwanza haijawaka, korido nzima ilikuwa imeshafungua kesi. Nani alipiga pasi jana jioni? Nani kachemsha maji ya mtoto kwa birika? Kijana wa chumba cha nyuma, mwenye sabufa, alikana. Mama wa chumba cha mbele, mwenye friza la kugandishia barafu za ubuyu, alinyamaza tu, kwa sababu tayari alikuwa anachangia mara mbili ya wenzake na bado kila uniti zikiisha macho yalimgeukia yeye. Asubuhi baba mwenye nyumba akabandika karatasi: pasi mwisho saa mbili usiku, birika na jiko la umeme marufuku.

Naikumbuka karatasi ile kila ninaposoma ushauri wa kubana umeme nyumbani. Zima taa ukitoka chumbani. Chomoa chaja. Nunua balbu za LED. Ushauri huo si wa uongo. Lakini umeandikwa kwa mtu mwenye nyumba yake na mita yake, ambaye akibana leo atauona unafuu mwisho wa mwezi. Maelfu kwa maelfu ya watu wa Tandika, Manzese, Mbagala, Buguruni na Vingunguti hawako hivyo. Wao mita ni ya nyumba, na nyumba ina kaya tano, sita, hata kumi. Kwao bili inaamuliwa na idadi ya watu waliorundikwa nyuma ya mita moja kabla haijaamuliwa na balbu, na mpaka hilo lishughulikiwe, kumwambia mpangaji abane matumizi ni kumtwisha mzigo ambao faida yake inakwenda kwa wengine.

Tuanze na bei, kwa sababu humo ndimo dhuluma ilimojificha bila mtu yeyote kuikusudia.

Bei ambazo zimetuongoza miaka yote hii ni zile zilizopangwa mwaka 2016 na EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji. Mteja mdogo wa nyumbani, wa kundi la D1, hulipa shilingi 100 kwa kila uniti (yaani kilowati-saa moja) katika uniti 75 za kwanza za mwezi. Akizidisha, kila uniti ya ziada ni shilingi 350, na akiwa mtu wa kuzidisha mara kwa mara huhamishiwa kundi la T1. Huko T1, waliko wakazi wa kawaida pamoja na maduka na saluni, uniti ni shilingi 292 kuanzia ya kwanza. Juu yake ongeza VAT asilimia 18, tozo ya REA, wakala wa nishati vijijini, asilimia 3 na ya EWURA asilimia 1. Uniti ya D1 inafika shilingi 122, ya T1 inafika 356. Ndiyo maana mtu mmoja akinunua umeme wa buku, yaani shilingi elfu moja, anapata uniti 8 na ushee, jirani yake anapata 2.8, na kila mmoja anamwona mwenzake kama aliyerogwa.

Nia ya D1 ilikuwa njema na bado ni njema: mtu wa kipato kidogo, anayetumia kidogo, asiuogope umeme. Lakini D1 haimjui mtu. Inaijua mita.

Chukua nyumba ya vyumba sita, kila chumba kinatumia uniti 30 kwa mwezi. Hizo ni taa mbili, feni ya usiku, televisheni ya jioni na simu za kuchaji. Uniti moja kwa siku, basi. Kila chumba kingekuwa na mita yake katika D1, kila mpangaji angelipa shilingi 3,660 kwa mwezi. Lakini mita ni moja. Mita hiyo inaona uniti 180, inaona mteja mkubwa, na inamtoza bei ya T1: shilingi 64,123. Gawanya kwa sita, kila mmoja atoe 10,687. Feni ni zile zile na taa ni zile zile, hakuna aliyefanya anasa yoyote, na kila mmoja amelipa karibu mara tatu ya kile ambacho sera ya nchi ilikusudia mtu wa aina yake alipe. Wakati huo huo, mtu anayeishi peke yake kwenye nyumba yenye kila kitu ndani, anapikia gesi na kushinda kazini mchana kutwa, anaweza kabisa kukaa chini ya uniti 75 na kununua umeme kwa bei ya mnyonge. Simwonei wivu. Ninachosema ni kwamba nafuu iliyotengwa kwa ajili ya mpangaji wa chumba kimoja inampita mlangoni na kwenda kwa mwingine.

Sasa mwambie mpangaji huyo abane. Tuseme amejinyima kwelikweli: amezima feni mapema, ameacha televisheni, na kwa mwezi mzima ameokoa uniti 10. Kwa bei ya T1 ni shilingi 3,562. Lakini mchango unagawanywa sawa kwa sita, kwa hiyo mfukoni mwake zinarudi shilingi 594. Nyingine zote amewagawia majirani, ambao hata hawajui kama alilala na joto. Na kinyume chake ni vile vile: yule anayewasha bila kujali analipa sehemu moja tu kati ya sita za alichotumia. Mali bila daftari hupotea bila habari, na umeme wa mita moja ni mali isiyo na daftari. Kilichobaki badala ya daftari ni macho. Watu wanachunguzana, wanasikilizana mlio wa pasi, wanahesabiana mara za kuoga maji ya moto. Nimeona marafiki wa miaka mitatu wakiacha kusalimiana kwa sababu ya birika.

Na birika lenyewe linaonewa. Kuchemsha lita moja ya maji kutoka kwenye joto la kawaida la Dar es Salaam kunatumia takriban sehemu moja ya kumi ya uniti, yaani kama shilingi 36 hata kwa bei ya T1. Chupa ya chai ya familia, lita mbili, ni shilingi 71 au 72. Birika linaogopwa kwa sababu likiwashwa taa nyekundu ya mita inapepesa kama imepagawa, na mtu akiiona anadhani nyumba inaungua pesa. Anasahau kwamba inapepesa hivyo kwa dakika chache tu. Chaja ya simu iliyobaki ukutani bila simu, ambayo kila mwongozo wa kubana umeme unaitaja, haimalizi hata nusu uniti kwa mwezi. Balbu zina uzito kidogo: balbu ya zamani ya wati 60 ikikesha barazani saa 12 kila usiku inakula uniti 21 na nusu kwa mwezi, zaidi ya shilingi 7,600, ya LED ya wati 9 inafanya kazi ile ile kwa shilingi 1,150 hivi. Hiyo ibadilishwe leo, na hapo mjadala wa balbu uishe.

Umeme wa nyumbani unaliwa na vitu viwili: kinachopasha moto kwa muda mrefu, na kinachopooza bila kupumzika.

Cha kupooza ndicho kinachonisumbua zaidi. Friji dogo zima, lenye mpira wa mlango unaobana vizuri, laweza kutumia chini ya uniti moja kwa siku. Friza kubwa la mtumba lililokwisha tumika miaka kadhaa nje, likashushwa bandarini na kupigwa rangi, laweza kula uniti 3 kwa siku, na mnunuzi hana namna ya kulijua hilo dukani. Anaangalia kama linagandisha. Bei ni nusu ya jipya, amefurahi. Uniti 3 kwa siku ni 90 kwa mwezi, shilingi 32,000; baada ya muda tofauti ya bei aliyodhani ameiokoa imeshalipwa kwa LUKU, na friza bado lipo linaendelea kula. Ghana walilitazama jambo hili wakaamua: tangu mwaka 2013 kuingiza majokofu ya mtumba ni marufuku kule. Kenya ilichukua njia ya kubandika nyota kwenye majokofu na viyoyozi vipya, ili mnunuzi aone kabla hajatoa pesa kipi kinakula sana na kipi kinakula kidogo. Sisi tunanunua kwa kuangalia rangi na kusikiliza mngurumo.

Mwenye mita yake anaweza kulipima friji lake bila kununua kifaa chochote. Kwenye uso wa mita kuna taa ndogo nyekundu, na karibu yake imeandikwa namba, mara nyingi 1000 au 1600, nayo ni idadi ya mipepeso inayotimiza uniti moja. Zima kila kitu, bakiza friji peke yake likiwa linanguruma, kisha hesabu mipepeso kwa dakika kumi. Kwenye mita ya 1000, mipepeso 20 kwa dakika kumi ni 120 kwa saa, maana yake friji linavuta wati 120 linapofanya kazi. Halafu angalia linapumzika kwa muda gani. Friji zima hunguruma, likanyamaza, likanguruma tena. Lisilonyamaza kabisa lina tatizo: mpira umechakaa, barafu imejaa unene wa kiganja, limebanwa ukutani halipati hewa kwa nyuma, au limekaa jirani na jiko. Fungia noti kwenye mlango; ukiivuta ikatoka bila kushikwa, mpira haubani na baridi unayoinunua inamwagika jikoni. Haya ni mambo ya dakika chache, na yanaokoa kuliko chaja zote za mtaa mzima.

Cha kupasha moto kinategemea unaishi wapi. Mbeya, Iringa na Njombe, adui ni hita ya bafuni ile inayopasha maji yakipita bombani. Ina nguvu ya kilowati 5 hivi. Dakika kumi za kuoga ni uniti 0.83, karibu shilingi 300. Familia ya watu watano wakioga hivyo kila siku, mwezi unaisha na shilingi 44,500 zimepitia bafuni. Ndoo ya lita 15 iliyopashwa kutoka nyuzi 18 hadi 40 inahitaji uniti 0.38, shilingi 137. Familia ile ile inamaliza mwezi kwa 20,500. Bibi zetu waliochanganya maji ya moto na ya baridi kwenye ndoo walikuwa wanafanya hesabu hiyo bila kalamu.

Huku pwani adui ni joto, na hapa nawalaumu mafundi wetu na sisi wenyewe tunaowapa kazi. Tumeacha madirisha ya kufunguka yote, tumeacha matofali ya matundu juu ya kuta, tumeweka madirisha ya aluminiamu ya kuteleza ambayo hata ukiyafungua mpaka mwisho, nusu ya tundu inabaki imezibwa na kioo. Bati linalala juu bila dari. Kisha tunanunua kiyoyozi cha kupambana na joto tulilolijenga kwa fedha zetu.

Lakini nirudi Tandika, kwa sababu hilo la jiko la umeme lililopigwa marufuku kwenye ile karatasi limekuwa kubwa kuliko nyumba ile.

Mei 2024 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua Mkakati wa Taifa wa Matumizi ya Nishati Safi ya Kupikia, wenye lengo la kuwafikia asilimia 80 ya Watanzania ifikapo mwaka 2034. Naunga mkono kwa moyo wote. Nimekulia katika moshi, naujua kikohozi chake. Na umeme una nafasi ya kweli hapo: jiko la presha la umeme linaivisha nusu kilo ya maharage kwa chini ya nusu uniti, kwa sababu chungu kimefungwa, mvuke hautoki, na likishapanda presha linajizima na kujiwasha lenyewe. Maharage hayo hayo kwenye jiko la koili la wati 1,000 yakichemka saa mbili yanamaliza uniti 2. Mtu mwenye mita yake katika D1, anayetumia uniti 30 kwa mwezi, akiongeza kupika kwa jiko la presha kwa uniti moja kila siku anafika 60. Bado yuko ndani ya 75, na amelipia upishi wa mwezi mzima shilingi 3,660. Mkaa haumsogelei.

Sasa mlete mpangaji wa mita moja. Mapishi yale yale kwake ni shilingi 10,687, maana kila uniti ni 356. Na hata akiwa tayari kuzilipa, hawezi kuzilipa peke yake, kwa sababu hakuna anayejua kapika uniti ngapi. Majirani watalia, kwa haki kabisa, na baba mwenye nyumba atabandika karatasi. Kwa hiyo anarudi kwenye mkaa wa kopo, koridoni, nje ya mlango wake, na watoto wa vyumba sita wanavuta moshi. Nchi inahamasisha majiko ya umeme na nyumba zinayafukuza. Uganda tangu 2022 imeshusha bei ya uniti kuanzia ya 81 hadi ya 150 ili watu wapikie umeme, na nina hakika wapangaji wa vyumba vya Kampala waliochangia mita moja wamekutana na ukuta ule ule: bei inapopangwa kwa mita, aliyechangia mita hahesabiki, iwe bei inapanda au inashuka.

Kuna hoja inayorudi tangu mitambo ya Bwawa la Julius Nyerere, katika mto Rufiji, ilipoanza kuzunguka Februari 2024. Umeme sasa upo, megawati 2,115 za Rufiji zimeingia, mgawo wa mwishoni mwa 2023 umebaki hadithi, kwa nini tuhangaike kubana? Kwa gridi ya taifa hilo ni swali zuri. Kwa mpangaji halina maana, kwa sababu yeye hakuwahi kubana kwa ajili ya taifa. Anabana kwa sababu 10,687 ni unga wa wiki.

Halafu kuna kodi ya majengo. Tangu Agosti 2021 inakatwa kupitia LUKU, kwanza shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, na tangu Julai 2023 shilingi 1,500. Kodi hiyo ni ya mwenye nyumba, hilo halina ubishi, na ilielezwa tangu mwanzo kwamba mpangaji aliyekatwa arudishiwe kwenye kodi ya pango. Katika nyumba za vyumba sita anayekatwa ni yule mwenye bahati mbaya ya kununua LUKU wa kwanza mwezi ukianza. Anatuma elfu tano, zinaingia uniti pungufu, wenzake wanamwuliza nyingine zimekwenda wapi. Kumdai baba mwenye nyumba shilingi 1,500 kunahitaji ujasiri ambao mtu anayedaiwa pango la miezi mitatu hana. Jambo hili ni dogo kwa hesabu. Lakini limenionyesha kitu kimoja ambacho nitakirudia hapa chini: LUKU inaweza kukata malipo madogo madogo kila mwezi, kwa miaka, bila mtu kupanga foleni popote.

Wapangaji wanaweza kufanya nini kabla serikali haijafanya chochote? Wanaweza kununua daftari. Pale Kariakoo zinauzwa mita ndogo za kuhesabu tu, zisizo na tokeni wala kitufe, na fundi umeme mwenye leseni anafunga moja kwenye waya unaoingia kila chumba. Jumapili ya mwisho wa mwezi watu wawili wanapita wakisoma namba, mbele ya wote. Jumla ya fedha zilizonunua umeme inagawanywa kwa jumla ya uniti, kisha kila mmoja anazidishiwa za kwake. Taa ya korido na ya uani inabaki ya wote. Nimekaa katika nyumba ya namna hiyo baada ya Tandika, na naweza kushuhudia kwamba ugomvi wa birika ulikufa ndani ya mwezi mmoja. Mwenye friza alilipia friza lake, akagundua linakula kuliko faida ya barafu, akaliuza na kununua dogo. Hakuna aliyemhubiria kuhusu kubana umeme. Namba ndiyo iliyomwambia.

Ila mita ndogo ikae mikononi mwa wapangaji wote, isiwe duka la mwenye nyumba. Wapo wanaoifunga kisha wakauza uniti kwa 500, bei ambayo EWURA haikuipanga. Risiti ya LUKU ibandikwe ukutani kila inaponunuliwa, kila mtu aone uniti ilinunuliwa kwa shilingi ngapi.

Na mita ndogo, pamoja na wema wake, inagawa mzigo kwa haki bila kuupunguza. Nyumba inabaki T1. Ili mpangaji aifikie ile bei ya 122 aliyokusudiwa, anahitaji mita ya shirika yenye jina la kaya yake, na hapo anakutana na gharama ya kuunganishwa. Tangu Januari 2022, mijini ni shilingi 320,960 kwa umeme wa njia moja (single phase), umbali usiozidi mita 30 kutoka kwenye nguzo. Nani alipe? Mwenye nyumba hapati chochote kwa umeme wa mpangaji kushuka bei, kwa hiyo halipi. Mpangaji angeokoa shilingi 7,027 kwa mwezi, kwa hiyo angehitaji kukaa chumba kile kile karibu miaka minne ili pesa yake irudi, na wapangaji wa Dar es Salaam hawana uhakika wa miaka minne mahali popote. Kila mmoja anafanya hesabu sahihi kwa upande wake, na matokeo yake mita inabaki moja.

Hapa ndipo ninapoikumbuka ile kodi ya majengo. Kama LUKU inaweza kumkata mtu 1,500 kila mwezi kwa ajili ya jengo lisilo lake, inaweza kumkata 5,000 kwa ajili ya mita iliyo yake. Kwa kiasi hicho gharama ya kuunganisha inaisha ndani ya miaka mitano na miezi michache. Deni libaki kwenye mita, siyo kwa mtu: akihama, anayeingia anaendelea. Mpangaji wa uniti 30 atakuwa analipa 3,660 za umeme na 5,000 za deni, jumla 8,660, na bado ni pungufu kwa shilingi 2,000 kuliko anacholipa leo. Na deni likiisha anabaki na 3,660.

Najua shirika litauliza fedha itakayopotea itatoka wapi. Nyumba iliyokuwa ikileta 64,123 kwa mwezi italeta 21,960 pamoja na marejesho ya mita. Swali ni la haki na sitaki kulikwepa. Jibu langu ni kwamba fedha hiyo ya ziada haikupaswa kutoka kwa watu hawa hata siku moja. D1 iliwekwa kwa ajili yao. Shirika limekuwa likikusanya nafuu yao kwa sababu ya waya ulivyopita ukutani. Na mita sita zinazonunua umeme wa kupikia zitauza uniti nyingi kuliko mita moja inayofukuza majiko, wakati ambapo Rufiji inazalisha umeme unaotafuta wateja.

Kuwajua wanaoishi nyuma ya kila mita hakuhitaji miujiza pia. Mwaka 2022 nyumba zetu zilipewa namba katika operesheni ya anwani za makazi, na mwaka huo huo makarani wa sensa waligonga kila mlango. Ofisi ya serikali ya mtaa inaweza kujua kila nyumba ina wapangaji wangapi. Mwaka 2024, mita zote za LUKU zilipohitaji kuingiziwa tarakimu mpya ili ziendelee kupokea umeme, shirika liliwafikia wenye mita nchi nzima, na bibi zetu waliziingiza wenyewe. Tukitaka, tunafikiana.

Yule mama wa barafu za ubuyu alishajaribu, kabla sijahamia pale. Alikuwa na kibubu chake, amejaza fomu, fundi ameshapima. Alichokosa ni saini ya baba mwenye nyumba, kwa sababu bila ridhaa ya mwenye jengo ombi haliendi. Alimfuata mara tatu. Mara ya tatu aliambiwa kwa upole kabisa kwamba mpangaji akiwa na mita yake, kesho atasema na chumba ni chake. Akarudi chumbani, fedha ya kibubu ikaenda ada ya mtoto, na friza likaendelea kunguruma kwenye mita ya wote.

Saini hiyo moja inaweza kubadilishwa na barua ya mwenyekiti wa mtaa.